Mama, Usione Haya: Mkojo Usiozuilika Una Tiba

Ibada imechangamka, kwaya inaimba. Mama mmoja amekaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Amevaa khanga mbili chini ya gauni, na asubuhi hakunywa hata chai. Tangu ajifungue mtoto wa nne, akicheka, akipiga chafya au akijitwika ndoo, mkojo humtoka. Mumewe hajui. Daktari pia hajui.

Mama mpendwa, pengine ni wewe. Huo si uchafu wala si laana. Tena si jambo ambalo kila mzazi hana budi kulivumilia.

Chanzo ni nini?

Misuli iliyo chini ya nyonga hubeba kibofu na kusaidia kufunga njia ya mkojo. Mimba, uzazi, unene, kikohozi cha muda mrefu na choo kigumu huilegeza. Wengine hubanwa ghafla na kushindwa kufika chooni. Hao wapimwe mkojo na sukari, maana maambukizo na kisukari huweza kuleta hali hiyo.

Ufanye nini?

Kaza misuli kana kwamba unazuia mkojo na hewa kwa pamoja. Usibane tumbo wala pumzi. Hesabu hadi tano, legeza, kisha rudia mara nane au kumi. Fanya hivyo mara tatu kila siku, hata ukiwa unachambua mchele. Usikate tamaa mapema. Ngoja miezi mitatu. Usijinyime maji, kwani mkojo mzito huchoma kibofu. Bali punguza chai ya rangi na kahawa. Usipopata nafuu, daktari anazo njia nyingine, ukiwamo upasuaji.

Hatari usiyopaswa kuingojea

Mkojo ukitiririka mchana na usiku baada ya uchungu wa muda mrefu, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi. Mazoezi hayalizibi. Nenda hospitali upesi: tundu dogo likiwahiwa huweza kujifunga kwa kuwekewa mpira wa mkojo, mengine hushonwa. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, hutibu tatizo hili.

Nawe baba, mkeo akikueleza, usimcheke wala usimhamishe chumba. Msindikize kwa daktari.

Mama, siku ya kliniki mwambie muuguzi. Ameshawasikia wengi kabla yako.