Kamera shingoni, kikapu mkononi: Linda mgongo wako

Je, wewe hubeba kamera kila uendapo sokoni, ukipiga picha za watu na magari katika Kenyatta Avenue, Nakuru? Mazoea hayo yana faida. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki, na kutembea haraka ni mojawapo. Lakini kusimamasimama si mazoezi. Tembea kwanza mfululizo, kisha upige picha.

Shida ni mzigo. Kamera yenye lenzi kubwa huweza kuzidi kilo 1. Ikining'inia shingoni kwa saa nyingi, misuli ya shingo na mabega hukaza, na jioni kichwa huuma. Ukiongeza kikapu cha viazi mkono mmoja, mgongo hupinda. Ukifika nyumbani wainama kufua, maumivu huzidi.

Fanya hivi:

• Piga picha kwanza, nunua bidhaa mwisho.

• Pitisha mkanda wa kamera kifuani, na ugawanye mzigo mikono miwili.

• Vaa kofia. Nakuru iko karibu na Ikweta, zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Jua huchoma hata kukiwa na baridi.

• Usirudi nyuma barabarani ukichungulia kamera.

Vidole vikifa ganzi au mkono ukilegea, muone daktari. Usimeze dawa za maumivu kila siku bila ushauri. Baadhi yake hudhuru tumbo na figo.