Nyumba ya wazee Newala: Vitanda vitajaa, nani atalipa Julai?

Na Mwandishi Wetu, Newala

FEDHA za korosho zinapoingia benki, mfanyabiashara wa Newala huwa na mambo matatu ya kufikiria: nyumba ya kulala wageni, duka la vifaa vya ujenzi au gari la mizigo. Sasa linaanza kusikika wazo la nne, nyumba ya kulelea wazee kwa malipo. Wenye wazo hilo wana hoja. Vijana wengi wa Newala na Masasi wako Dar es Salaam na Mtwara, wanatuma fedha kwa simu, na mama amebaki na mjukuu wa darasa la tatu ndiye anayemtekea maji.

Kabla ya kununua tofali hata moja, ni vema mwekezaji akatazama hesabu.

Nchini makazi ya wazee si jambo geni. Serikali ina ya kwake, miongoni mwao Nunge huko Kigamboni, Kolandoto Shinyanga, Bukumbi Mwanza na Fungafunga Morogoro. Unguja kuna Sebleni na Welezo. Nairobi masista wa Kanisa Katoliki wanaendesha Nyumba ya Wazee ya Kasarani. Karibu yote haya yanabeba wasio na ndugu wala uwezo, na gharama hubebwa na Serikali au wafadhili. Baadhi ya makazi ya Serikali yalianza kama makambi ya wagonjwa wa ukoma, na sifa hiyo haijafutika: mtu akisikia mzee kapelekwa "kambini", anaelewa kuwa katupwa. Mwekezaji wa Newala atapaswa kuuza huduma ambayo jina lake tu linamwaibisha mteja.

Kwa Wamarekani biashara hii ilishika kasi tangu mwaka 1960, mjenzi Del Webb alipofungua mji wa wastaafu wa Sun City, Arizona. Ilifanikiwa kwa sababu mstaafu aliuza nyumba yake ya zamani kwa bei nzuri, akanunua mpya, na kila mwezi akawa na pensheni ya kumwendesha. Newala nyumba ya mzee haina mnunuzi wa haraka, na mara nyingi si yake peke yake, ni ya ukoo.

Sasa tuchukue mfano wa nyumba ya vitanda 20. Takwimu ni makadirio yetu, kila mtu aweke za kwake. Uangalizi wa usiku na mchana unahitaji walezi wasiopungua wanane. Kwa Sh 300,000 kila mmoja ni Sh 2,400,000. Wauguzi wawili kwa Sh 600,000 ni Sh 1,200,000. Mpishi, mfua nguo na mlinzi ni Sh 900,000. Chakula cha Sh 5,000 kwa siku kwa kila mzee ni Sh 3,000,000 kwa mwezi. Maji, umeme, sabuni na gari la kwenda hospitali tuseme Sh 1,500,000. Jumla ni Sh 9,000,000 kwa mwezi, au Sh 450,000 kwa kila mzee, bila faida, bila ukarabati, bila mchango wa NSSF.

Hiyo ni nyumba ikiwa imejaa. Wakiwa wazee 12 tu, chakula hupungua lakini mishahara haipungui, na kila mmoja atagharimu Sh 650,000.

Kwa mwaka, Sh 450,000 za kila mwezi zinafika Sh 5,400,000. Korosho ikiuzwa Sh 4,000 kwa kilo, hizo ni kilo 1,350 kabla ya makato. Ikiuzwa Sh 2,000, ni kilo 2,700. Na bei hii hupanda na kushuka: mwaka 2018 Serikali ilinunua kwa Sh 3,300, katika misimu iliyofuata ikashuka hadi chini ya Sh 2,500, na minada ya Oktoba 2024 ikavuka Sh 4,000. Ada haiwezi kuyumba hivyo, kwa kuwa uji wa wazee hauyumbi.

Hapa ndipo penye hatari yenyewe. Mkulima hupata fedha zake kuanzia Oktoba, mwanzoni mwa mwaka zimekwisha. Nyumba ya wazee inadai kila mwezi. Mpangaji wa chumba asipolipa, mwenye nyumba ana njia za kumtoa. Bibi wa miaka 80 ambaye mwanawe ameacha kupokea simu mwezi wa Julai hatolewi nje. Atabaki, atakula, atatibiwa, na gharama ni ya mwekezaji. Hasara ya namna hii haionekani kwenye michanganuo inayopelekwa benki kuombea mkopo.

Tena mwanawe ni nani? Kwa Wamakonde ukoo hufuatwa upande wa mama, na wapwa wana sauti kubwa juu ya mjomba wao. Mkataba uliotiwa saini na mtoto aliyeko Dar es Salaam unaweza kukataliwa na wapwa walioko kijijini, hasa mzee akiwa na mikorosho.

Wastaafu je? Ndio wenye fedha za kila mwezi. Watumishi wa umma hulazimika kustaafu wakiwa na miaka 60, na mwaka 2024 Serikali ilitangaza kupandisha mkupuo wa awali wa wengi wao kutoka asilimia 33 hadi 40. Lakini mwalimu aliyepata mkupuo wake hujenga, hahamii kwa mtu. Atakuja akishalemewa na maradhi, wakati ambao gharama yake ni kubwa kuliko pensheni.

Maji nayo yasisahauliwe. Uwanda wa Makonde hauna mito ya kutegemea. Maji husukumwa kwa mitambo kutoka mabondeni, au huvunwa kwenye mapaa. Wazee 20 kwa lita 60 kila siku ni lita 36,000 kwa mwezi. Kiangazi cha Mei hadi Novemba kinataka lita 252,000. Tangi la ujazo huo ni jengo jingine.

Haya hayamaanishi kwamba haja haipo. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa wenye miaka 60 na zaidi ni asilimia 5.7 ya Watanzania, na kwa familia nyumba yenye muuguzi usiku ni nafuu ambayo mjukuu hawezi kuitoa. Mzee aliyevunjika nyonga anahitaji kitanda hicho kweli. Ila soko la kulipa kwa mwezi, mwaka mzima, kwa vitanda 20, halijaonekana hapa.

Kwa maoni ya ukurasa huu, mwenye mtaji mdogo aanze na mzee akiwa nyumbani kwake: muuguzi mwenye leseni, pikipiki, vipimo vya presha na sukari, na mlezi wa kutwa wa kupika, kufua na kuleta maji. Jengo halihitajiki na tangi halihitajiki. Mteja akiacha kulipa, ziara husimama na mzee bado yuko kwake, kati ya nduguze. Mkataba uandikwe Septemba, usainiwe na mtoto pamoja na mpwa, na ada ya mwaka mzima ilipwe kwa pamoja mara baada ya malipo ya mnada wa kwanza kuingia benki.