Nanasi la Thika na jeni zinazongoja ishara

Ukitoka Ngoingwa, ukavuka mji wa Thika na kushika barabara ya Kenol, mashamba ya mananasi huanza kukusindikiza pande zote. Tazama vizuri utaona jambo: kitalu kizima kimechanua kwa pamoja, na kitalu cha jirani, chenye mimea iliyonawiri vilevile, hakina ua hata moja. Mtu akiniuliza jeni na mazingira hushirikiana vipi, mimi hupenda kuanzia hapo.

Nanasi halipandwi kwa mbegu. Mkulima huchukua machipukizi ya ubavuni, au kile kishungi cha juu ya tunda, akakifukia ardhini. Kwa hiyo mimea ya aina moja, kama ile ya Smooth Cayenne iliyozoeleka sana Kenya, ni nakala za mmea mmoja. DNA yake inalingana karibu herufi kwa herufi. Tofauti ya vitalu vile viwili haiwezi basi kutafutwa katika urithi. Kuna kitu kimekifikia kimoja na hakijakifikia kingine.

Kitu hicho ni gesi. Mwishoni mwa karne ya 19, wakulima wa visiwa vya Azores waliokuwa wakikuza mananasi ndani ya vibanda vya vioo waligundua kwamba moshi ukitanda humo, mimea huchanua kabla ya wakati wake. Miaka ya 1930 ikabainika kwamba ndani ya moshi kinachofanya kazi ni ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi zikifunikwa. Leo mashamba makubwa duniani hunyunyizia mimea ethilini yenyewe, au ethefoni, dawa inayoitoa gesi hiyo ikishaingia kwenye mmea. Mwenye shamba dogo anaweza kutumia kabaidi, mawe yale ya mafundi wa kulehemu: kipande kidogo na maji katikati ya majani, ikatoka asetilini, ambayo mmea huipokea kama ethilini. Gesi hupulizwa usiku, maana nanasi hufunga vinyweleo vya majani yake mchana ili lisipoteze maji, na kuvifungua giza likiingia.

Kinachofuata ndani ya seli ndicho kiini cha makala haya. Seli za mmea zina vipokezi vya ethilini. Gesi isipokuwepo, vipokezi hivyo huuzuia ujumbe usipite. Ikivigusa, kizuizi kinaondoka, protini zinaingia kwenye kiini cha seli na kushika sehemu maalumu za DNA, na jeni zilizokuwa kimya zinaanza kunakiliwa ili protini mpya zitengenezwe. Ncha ya shina, ambayo tangu kupandwa ilikuwa ikitoa majani tu, sasa inaacha majani na kuanza kutoa maua. Wiki kadhaa baadaye ukichungulia katikati ya mmea utauona moyo wake umeiva wekundu. Hapo maua zaidi ya mia yamejipanga kwa mzunguko, na yataungana kuwa tunda moja. Katika safari yote hiyo DNA haikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni sehemu ipi yake inasomwa.

Lakini ishara peke yake haitoshi. Mmea mchanga ukiupulizia gesi, ama haujibu, ama unatoa kitunda kisichouzika. Na jeni nazo zina usemi wake. Nanasi lina uwezo wa kujitengenezea ethilini likipigwa na usiku wa baridi, ndiyo maana mimea mingine huchanua bila kungoja ratiba ya mkulima. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walionyesha mwaka 2006 kwamba ukiinyamazisha jeni moja inayohusika na kutengeneza gesi hiyo, mimea inachelewa kuchanua. Baridi ni ileile, shamba ni lilelile, jibu ni tofauti. Kwa hiyo ukiniuliza ni asilimia ngapi ya ua imetoka kwa jeni na ngapi kwa baridi, sina namna ya kulijibu swali hilo. Ua limetoka pale vitu viwili vilipokutana.

Ruiru nako kuna mfano wake. Mbuni wa Ruiru 11, uliotolewa kwa wakulima mwaka 1985, unastahimili chulebuni, ugonjwa ambao wakulima wa Kiambu huuita CBD, kwa sababu ulirithishwa jeni kutoka mibuni ya Timor na ya Sudan Kusini ya leo. Kuvu likitua kwenye tunda bichi na kuanza kupenya, seli zilizo chini ya kidonda hujenga ukuta mgumu kama gome, na kidonda kinaishia hapo juu juu. Ukuta huo haukuwepo kabla ya adui kufika.

Nayasema haya kwa sababu nawasikia watu wakisema sukari au presha imo kwenye damu ya ukoo wao, kana kwamba hukumu imeshasomwa. Tazama Waturkana. Mwaka 2025 kundi la watafiti Julien Ayroles, Amanda Lea na wenzao wa Kenya lilichapisha ushahidi kwamba kwa maelfu ya miaka ya ukame, jamii hiyo imerithishana umbo fulani la jeni ya STC1, ambayo huamshwa kwenye figo mwili unapopungukiwa maji. Urithi huo umewafaa sana wafugaji wa jangwani wanaoishi kwa maziwa, damu na nyama.

Kundi hilo lilikuwa limeshapima afya ya Waturkana zaidi ya 3,000 katika utafiti wa mwaka 2020. Wafugaji walikuwa na afya nzuri ya moyo na mishipa. Waliohamia vijijini kwingine bila mifugo hawakutofautiana nao sana. Waliohamia mijini, wenye urithi huohuo, ndio waliokuwa na uzito, shinikizo la damu na mafuta ya damu vya kutia wasiwasi. Na mji ulikuwa na athari mara mbili: mbali na anakoishi mtu mzima leo, mahali alipozaliwa napo palionekana katika vipimo vyake, miaka mingi baada ya utoto kwisha.