Majina ya Rangi katika Utambuzi na Ubadilishaji wa Vikinzani

Ikisiri
Makala haya yanaeleza namna kikinzani, ambacho mafundi hukiita rezista, kinavyotambuliwa kwa mistari ya rangi na kubadilishwa kinapoharibika. Yanajenga hoja kwamba kazi hiyo haiwezi kufundishwa kwa usahihi kwa Kiswahili bila majina kumi ya rangi yaliyosanifishwa.

1.0 Msimbo wa rangi
Kikinzani hudhibiti mkondo wa umeme katika sakiti. Kwa kuwa ni kidogo, thamani yake huonyeshwa kwa rangi, kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha IEC 60062: nyeusi ni 0, kahawia 1, nyekundu 2, chungwa 3, manjano 4, kijani 5, buluu 6, zambarau 7, kijivu 8 na nyeupe 9. Penye mistari minne, miwili ya kwanza ni tarakimu, wa tatu kwa kawaida hutaja idadi ya sifuri, na wa nne mkengeuko unaoruhusiwa: dhahabu ni asilimia 5, fedha asilimia 10. Hivyo manjano, zambarau, nyekundu na dhahabu ni omu 4,700, yaani kati ya 4,465 na 4,935.

2.0 Tatizo la istilahi
Kati ya rangi hizo kumi, ni nyeusi, nyeupe na nyekundu pekee zenye mizizi ya vivumishi vya asili. Nyingi kati ya zilizosalia hutokana na majina ya vitu: kahawa, chungwa, jani, zambarau, jivu. Matokeo yake ni visawe vingi: kahawia na hudhurungi, zambarau na urujuani, buluu na samawati. Mwanafunzi aliyezoea buluu, akikuta samawati katika mwongozo mwingine, anaweza kudhani ni rangi ya kumi na moja. Joto nalo huzidisha utata: mstari mwekundu ulioungua huonekana wa kahawia, na omu 4,700 zikasomwa 470.

3.0 Kupima na kubadilisha
Kwa sababu hiyo, rangi huthibitishwa kwa multimita. Umeme hukatwa, kapasita huondolewa chaji, na mguu mmoja wa kikinzani hutolewa kwenye bodi. La sivyo, vijenzi vilivyounganishwa sambamba nacho vinaweza kupunguza kipimo. Kipya kiwe na omu zilezile, mkengeuko usiozidi wa awali na wati zisizopungua. Kikinzani kinachofanya pia kazi ya fyuzi hubadilishwa kwa cha aina hiyohiyo, kwa kuwa hukata sakiti mkondo unapozidi. Chanzo cha kuungua hutafutwa kwanza. Vinginevyo kipya nacho kitaungua.

4.0 Hitimisho
Inapendekezwa kwamba BAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ziafikiane jina moja kwa kila tarakimu, na mitaala ya ufundi ichapishe rangi yenyewe kando ya jina. Visawe ni utajiri katika ushairi. Katika msimbo huu, kila jina la ziada ni mlango wa kosa.