Fundi wa Ng'ambo, usimwache mteja aondoke kimya

MAFUNDI wengi wa mtaa wa Ng'ambo, mjini Tabora, wanaendesha shughuli zao kwa imani moja: kizuri chajiuza. Fundi cherehani, msusi, fundi redio au wa pikipiki humaliza kazi, hupokea fedha, kisha hukaa kusubiri sifa zimletee mteja mwingine. Kwa maoni yetu methali hiyo inawatia hasara. Mteja aliyeridhika akifika nyumbani huendelea na mambo yake. Hana habari kwamba fundi wake hana kazi wiki ijayo. Na katika mkoa wa tumbaku, ambako fedha huja kwa msimu, wiki hizo zisizo na kazi si chache.

Kazi kupatikana kwa kutajwa si jambo geni katika njia hii ya misafara. Mwaka 1857 Sidi Mubarak Bombay alifika Tabora, ambayo wageni waliiita Kazeh, akiwa na msafara wa Burton na Speke. Mwaka 1860 Speke alimchukua tena. Mwaka 1871 Stanley, akiajiri watu Zanzibar, aliwatafuta waliowahi kumtumikia Speke, Bombay akiwemo. Bombay naye akamletea askari wengine 18 aliowafahamu, akajitangaza kuwa ndiye mdhamini wao. Stanley alimlalamikia sana baadaye, lakini hilo halikumzuia Cameron kumwajiri mwaka 1873.

Neno la kuzingatia hapo ni mdhamini. Anayekutaja kwa jirani yake ameweka jina lake rehani. Kwa hiyo usimwombe kila mtu, na usimwombe yule uliyemzungusha kwa "njoo kesho" mara tatu.

Wakati mzuri ni wa kukabidhi kazi, mteja akiwa bado mbele ya kioo na gauni limemkaa. Ukisubiri wiki mbili, furaha imepoa. Na uulize jambo mahususi. "Niletee wateja" ni ombi ambalo mtu hulijibu kwa "haya" na kulisahau mlangoni. Lakini ukisema, "Mama, katika upatu wenu kuna mwenye harusi mwezi huu?" atataja jina papo hapo.

Wapo wanaoahidi kamisheni. Sisi hatuipendi: jirani akigundua kuwa sifa zile zililipiwa, hatamwamini tena aliyezitoa, wala fundi. Afadhali punguzo dogo, la wazi, kwa wote wawili.

Mteja aliyeletwa ahudumiwe siku ileile uliyoahidi, kwani ukimchelewesha umepoteza wawili.

Na wewe unayefikiria kuweka fedha zako katika saluni au karakana ya mtu, omba daftari lake la kazi kabla ya kuhesabu mashine. Tazama kama ameandika kila mteja alielekezwa na nani. Ukikuta majina yaleyale matatu yanajirudia, muulize itakuwaje mmoja wao akihama.