Unavuta boti kwa tela? Usiiache mashine ining'inie hewani

Ukikaa kando ya barabara ya Kilindoni–Utende, kisiwani Mafia, kuna siku utaiona pikapu inapita na boti ya faiba kwenye tela. Kwa mbele kila kitu kimefungwa vizuri. Tatizo liko nyuma. Mashine imeinuliwa, mguu wake umetoka nje, na kila tuta inadunda: juu, chini, juu, chini.

Wengi tunaona kawaida tu. Kumbe hapo ndipo boti inapoanza kuharibika, tena bila mwenyewe kujua.

Kwa nini boti ipande gari kisiwani?

Boti nyingi za Mafia hazijui tela. Zinalala kwenye nanga, au zinavutwa mchangani kwa nguvu za watu bamvua likija. Lakini zipo zinazohama. Kuanzia Oktoba hadi karibu Machi, papa potwe wanakuwa upande wa Kilindoni, na watalii wengi wanalala Utende, upande wa pili. Badala ya kuzunguka kisiwa kwa maji, mwenye tela anapita barabarani, kilomita kama 14 tu za lami.

Wengine wanapeleka boti kwa fundi, au wanaipandisha kaskazini kuelekea Bweni. Njia hiyo kwa miaka mingi imekuwa ya udongo na mchanga, na huko mdundo unazidi.

Uzito unaenda wapi?

Mashine ya kupachika ya HP 40, zile za mipigo miwili zilizozoeleka kwa wavuvi, ina zaidi ya kilo 70. Ya HP 60 inapita kilo 100. Mzigo wote huo umeshikwa na ubao mmoja wa tezi, yaani nyuma ya boti.

Jaribu hivi: shika ndoo ya maji, nyoosha mkono mbele, kisha anza kurukaruka. Bega litakwambia mapema. Ubao wa tezi ndiyo hilo bega. Gari likiingia kwenye shimo, mguu wa mashine unarushwa juu na kurudi chini, na mshtuko wote unaishia kwenye ubao na bolti zake.

Mara nyingi ubao hauvunjiki siku hiyo. Unapata ufa mwembamba kama unywele. Maji yanaingia ndani ya faiba, mbao inaoza taratibu. Siku ya siku upo mbali na nchi kavu, upepo wa kusi umechachamaa, mashine inavuta kwa nguvu, na ubao unaachia. Hapo hujapoteza mashine tu. Umebaki na boti yenye tundu nyuma, na watu ndani.

"Lakini si nimeweka kile chuma?"

Mashine nyingi zina chuma kidogo cha kuishikilia ikiwa juu. Kazi yake ni kuiweka hivyo boti ikiwa imetulia, kwa mfano umefunga ufukweni. Si cha barabarani. Yamaha, ambao mashine zao zimejaa pwani yetu, wanaonya kwenye kitabu cha maelekezo kwamba usikitegemee wakati wa kuvuta boti, kwa sababu mtikisiko unaweza kukifungua na mashine ikaanguka.

Kwa mashine za kuinuliwa kwa kitufe ni vilevile. Ile pampu ya mafuta haikutengenezwa ibebe midundo ya barabarani.

Fanya hivi

1. Funga boti kwanza. Tezi ikazwe kwenye tela kwa mikanda, pande zote mbili. Boti ikiwa inaruka yenyewe juu ya tela, chochote utakachofanya kwenye mashine ni kazi bure.

2. Kama nafasi ipo, iache mashine wima. Hali ile ile inayokuwa nayo ikiwa kazini. Hii ndiyo njia bora kuliko zote. Angalia tu mguu uko juu kiasi gani kutoka ardhini, na ukumbuke kwamba gari likianza kupanda mlima au likipita kwenye tuta, nyuma ya tela inashuka.

3. Nafasi haitoshi? Inua, kisha egemeza. Inua kwa kiasi kinachohitajika tu. Halafu weka mkono wa kuegemezea: bomba la chuma au alumini, upande mmoja unakaa kwenye chasisi ya tela, upande wa pili una panda kama ya manati inayopokea mguu wa mashine. Sasa uzito unashuka kwenye tela na magurudumu yake, ubao wa tezi unapumua.

Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea. Mwambie avishe ile panda mpira wa tairi kuukuu ili isikwaruze. Ikae kwenye sehemu nene ya mguu, mbele ya pangaboi. Isikae kwenye pangaboi lenyewe wala kwenye pezi la chini.

4. Shusha mashine ikalie, kisha funga. Ishushe taratibu mpaka ikalie panda vizuri, bila kuikandamiza kwa nguvu. Zungusha mkanda au kamba imara ili mguu usiruke nje. Funga pia usukani au mkono wa kuendeshea, mashine isiyumbe kushoto na kulia.

5. Kabari ni msaada mdogo. Wapo wanaobana kipande cha mbao ngumu kati ya mashine na bano lake. Inasaidia isianguke, lakini uzito bado uko kwenye ubao wa tezi. Usiichukulie kama mbadala wa mkono wa kuegemezea.

6. Simama ukague. Ukienda kilomita mbili tatu, shuka. Kaza mikanda iliyolegea, angalia bolti. Na hakikisha mashine haizibi taa za nyuma za tela. Funga kitambaa chekundu kwenye pangaboi ili anayekufuata, hasa wa bodaboda, akione.

Ndogo? Ivue tu

Mashine ya HP 15 ina kilo 40 hivi. Watu wawili wanaitoa vizuri, na safari inakuwa haina wasiwasi. Cha kuzingatia, kichwa chake kiwe juu kuliko pangaboi muda wote. Ukikiinamisha, maji yaliyobaki ndani yanaweza kuingia kwenye silinda. Ya mipigo minne usiilaze ovyo kwa sababu ina oili yake ndani. Kitabu chake kinaonyesha ilazwe upande gani.

Iwe imevuliwa au ipo kwenye boti, chomoa mpira wa petroli na ufunge tundu la hewa la tangi. Petroli inayovuja kwenye gari linalotikisika ni moto unaosubiri cheche.

Na hili watu wanalidharau: usiingie chini ya mashine iliyoinuliwa, hata kama imeegemezwa. Ukitaka kukagua, kaa pembeni.

Umeshavuta hivyo miaka yote?

Basi kabla ya kurudi majini kagua ubao wako. Shika mguu wa mashine, utikise. Ukiona ubao unacheza pamoja nao, kuna shida. Tafuta nyufa pembeni ya bolti na kwenye kona ambapo ubao unakutana na ubavu wa boti. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Ukisikia mlio wa kitu kilichooza badala ya mlio mkavu, mwite fundi wa faiba.

Kurekebisha mapema ni nafuu. Ubao ukishang'oka, faiba na spea zinasubiriwa kutoka Dar es Salaam, zivuke kwa boti kutoka Nyamisati, na siku zote hizo wewe huendi baharini. Mkono wa kuegemezea ni bomba moja na saa chache za fundi. Mashine ni mamilioni, na wengine bado wanailipia mkopo.