Yohana Ni Nani, na John Ni Nani?

Somo: Luka 1:57-66



Wako wazazi waletao mtoto kubatizwa wakisema, "Tafadhali, Pasta, usimwandike Yohana. Hilo ni jina la wazee. Mwandike John." Je, hayo ni majina mawili?

Asili yake ni Kiebrania: Yohanan. Sehemu ya kwanza, Yo, ni kifupi cha jina la Mungu. Hanan maana yake ni ametenda neema. Basi jina zima lasema: Mungu ametenda neema.

Injili iliandikwa kwa Kiyunani, lugha isiyokuwa na herufi ya h, na ambayo majina mengi ya wanaume huishia kwa s. Hivyo Yohanan akawa Ioannes. Katika Kilatini akaitwa Johannes, na kila taifa la Ulaya likalitamka kwa ulimi wake. Wafaransa husema Jean, Wahispania Juan, Waitaliano Giovanni, Warusi Ivan, Waingereza John. Wajerumani husema Johann, au hulikata mwanzo wakabaki na Hans. Hata Jane na Joan ni wa shina lilo hilo.

Wamisionari wawili wa kwanza wa CMS hapa kwetu, Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844 na Rebmann aliyemfuata mwaka 1846, walikuwa Wajerumani. Mmoja aliitwa Johann Ludwig, wa pili Johannes. Kwa Kiswahili chetu, wote wawili ni akina Yohana!

Basi John si mtakatifu kuliko Yohana. Tena Yohana ndilo lililo karibu zaidi na Kiebrania.

Jamaa za Elisabeti walitaka mtoto aitwe Zakaria, kama baba yake. Mama akakataa, na baba, ingawa alikuwa bubu, akathibitisha kwa kuandika kibaoni. Wazee hawa walikuwa wamekaa miaka mingi bila mtoto. Hawakutafuta jina la fahari, bali jina la kushuhudia aliyowatendea Mungu. Hata jina la lugha ya kwenu laweza kufanya kazi hiyo.

Ndugu yangu, wewe uitwaye Yohana, John au Jane, je, jirani yako huiona neema hiyo kwako, au huisikia jina tu?

Tuombe. Ee Mungu wa neema, unayemjua kila mmoja kwa jina lake, utujalie kuishi kama watu waliohurumiwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.